Mwenzangu wa Chumba Alipoanguka

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa nimeshazoea kusema "sisi wauguzi" wakati bado hatujawa wauguzi. Nilisema hivyo nyumbani kwetu Kimandolu kila mama alipolalamika mgongo, nikasema hivyo kwa majirani, nikasema hivyo kwa yeyote aliyekuwa na subira ya kunisikiliza. Nilikuwa mtu wa pupa. Nilitembea haraka, nilikula haraka, nilijibu maswali kabla hayajaisha. Mwenzangu wa chumba alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa msichana kutoka kijiji cha Kikwe, mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kukunja hata soksi. Tulipanga pamoja chumba kimoja Moshono, kwenye nyumba ambayo vyumba vyake vimezunguka uwanja mmoja, na sote tulichangia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo.

Mwalimu wetu wa huduma ya kwanza alikuwa mama mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi wodini muda mrefu kabla ya kuja kufundisha. Alasiri moja, bati la darasa likiwa limepata moto kwa jua na sisi tumeshiba tunasinzia, aliweka chaki chini akauliza:

"Mtu ameanguka kifafa hapo mlangoni, sasa hivi. Mnafanya nini?"

Tuliamka. Lilionekana swali rahisi. Nilinyoosha mkono ili niseme kijiko, nikawahiwa.

"Unamtia kijiko mdomoni asijing'ate ulimi," alisema dada mmoja wa mbele.

"Unamshika kwa nguvu asijiumize."

"Unamnusisha kitunguu."

"Au njiti ya kiberiti, ule moshi wake."

Kutoka nyuma mtu akasema, "Kwanza unakaa mbali, mwalimu. Lile povu likikugusa, na akitoa hewa ukaivuta..." Hakumaliza. Darasa likacheka, lakini ndani ya kicheko kile hakukuwa na anayemsuta. Kilikuwa kicheko cha watu waliosikia maneno yale yale kwao, jikoni kwa bibi zao.

Mwalimu hakucheka. Aliendelea kutuangalia mmoja mmoja, mpaka kijana aliyepanga chumba cha mwisho pale pale kwetu Moshono akasimama na kujibu kama anayesoma: uondoe vitu vya hatari, uweke kitu laini chini ya kichwa, ulegeze nguo shingoni, uangalie saa, usimkandamize, usimtie chochote mdomoni, akitulia umlaze ubavu, ukae naye mpaka ajitambue.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Umesoma. Sasa tufanye. Wewe, njoo uwe mgonjwa."

Alikuwa amemwelekezea kidole mwenzangu wa chumba, kwa sababu tu ndiye aliyekaa karibu na ubao. Mwenzangu alisimama. Nilidhani anakwenda kulala sakafuni.

"Samahani, mwalimu. Siwezi."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakukimbia wala hakubamiza mlango. Mimi, kwa kuwa siwezi kuona nafasi iko wazi nikanyamaza, nikaenda nikalala kwenye saruji badala yake.

Wenzangu wakanivamia kwa kuigiza. Mmoja alinikalia miguu, wawili walinibana mikono, mwingine akawa ananipanua taya kwa kifuniko cha kalamu. Ulikuwa mchezo, nilijua ni mchezo, na bado moyo ulinienda mbio nikaanza kujinasua kwa nguvu zote mpaka kifungo cha sare yangu kikakatika.

"Umejisikiaje?" mwalimu aliuliza niliposimama.

"Nimetaka kuwapiga."

"Basi na mgonjwa ni hivyo hivyo, hata kama hajitambui. Misuli yake inakaza na ninyi mnakaza. Hapo ndipo bega linapoteguka."

Jioni nilimkuta mwenzangu anamenya ndizi. Alikuwa akizikata nyembamba kuliko kawaida, macho yake yako kwenye kisu.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa mbona ulitoka?"

"Sikupenda kulala chini mbele ya watu. Basi."

Nikamwacha. Siku zile tulikuwa tunaingia wodini asubuhi na darasani mchana, na tulirudi miguu imevimba. Kabla ya hapo alikuwa na kawaida ya kwenda kwao Kikwe kila mwezi. Mwezi ule ratiba ya mazoezi ya wodini ilimbana, akasema atakwenda mwezi ujao. Nilidhani anachokosa ni loshoro ya mama yake, yale mahindi na maziwa mgando aliyokuwa akiyasifia kila tulipokaa kula.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uwanjani tunafua. Yeye alikuwa amewasha jiko la mkaa karibu na bomba, sufuria ya maji inachemka. Nilikuwa nimempa mgongo, nasuuza shuka. Nikasikia ukelele mmoja mfupi, kama wa mtu aliyeminywa kifua, kisha kishindo cha beseni.

Nilipogeuka alikuwa chini. Mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao, macho yamegeuka juu, midomo inageuka rangi. Kisha mikono na miguu ikaanza kutupwa, na kila ilipotupwa, kisigino chake kilikaribia jiko.

"Usimguse!" mama wa chumba cha jirani alipiga kelele huku akiwasukumia wanawe ndani. "Wewe binti, usimguse!"

Milango ikajaa nyuso. Hakuna aliyesogea, isipokuwa mama mwenye nyumba. Yeye alitoka jikoni kwake mbio, mtu mzima mwenye magoti mabovu, ameshika mwiko wa ugali.

"Mshike kichwa, mwanangu! Nimtie huu, atameza ulimi!"

"Mama, usimtie kitu!"

"Utamuua mwenzio!"

Alikuwa ameshapiga magoti, mwiko uko karibu na meno. Nikamshika kifundo cha mkono. Sijawahi kumshika mtu mzima namna ile, na hata sasa nikikumbuka naona aibu ya vidole vyangu kwenye ngozi yake. Tulikuwa tunavutana juu ya uso wa mwenzangu, yeye anasema atameza ulimi, mimi nasema hawezi. Nikaona tukiendelea hivyo tutamwumiza sisi wenyewe. Nikabadili sauti.

"Mama, nisaidie jiko. Ondoa jiko, ataungua."

Aliangalia jiko kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Akautupa mwiko, akazungusha upande wa kanga mkononi, akalivuta lile jiko na sufuria yake mpaka ukutani, maji yanamwagika njia nzima. Nami nikapata nafasi. Nilikunja kanga iliyokuwa begani kwangu nikaiweka chini ya kichwa chake. Nikafungua kifungo cha shingoni. Nikasogeza beseni. Nikatoa simu nikaangalia saa, kwa sababu mwalimu alikuwa amesema zikipita dakika tano ni hospitali bila kujadiliana. Halafu sikuwa na la kufanya zaidi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mikono yangu ilitaka kushika, kubana, kutingisha, kumwagia maji. Niliikalia.

Nilimwona yule kijana wa darasani, aliyejibu vizuri, amesimama kwenye mlango wa chumba chake, mswaki mdomoni.

"Njoo unisaidie kumgeuza!"

Hakuja. Alinitazama tu, dawa ya meno ikimtiririka kidevuni.

Mitupo ikapungua, ikawa mishtuko midogo, ikaisha. Dakika tano zilikuwa bado hazijatimia. Nilimgeuza ubavu peke yangu, povu likatoka na damu kidogo ya ulimi, kisha akaanza kupumua kwa mkoromo mzito. Nguo yake ilikuwa imelowa, na hayakuwa maji ya kufulia. Nikamfunika kitenge kuanzia kiunoni.

Alilala macho wazi bila kuona. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nguo zimekauka?"

"Bado," nilimjibu. "Uko nyumbani. Uko na mimi."

Kisha aliona milango. Nilimwona akielewa, polepole, mlango mmoja baada ya mwingine. Akageuzia uso chini.

"Wameona?"

"Wameona."

Nilitamani kudanganya lakini nyuso zilikuwa pale pale.

Mama mwenye nyumba alileta chai. Nilimwomba tusubiri kwanza mpaka mgonjwa aweze kukaa na kumeza vizuri. Hakubisha. Aliweka kikombe chini, akakaa kando yake kwenye udongo uliolowa, akaanza kulia bila sauti. Alisema kaka yake alikuwa na kifafa, huko kwao upande wa magharibi wa mlima, wakiwa wadogo wanachunga. Aliangukia moto wa kuchomea majani.

"Nilikuwa namwona," alisema. "Wakubwa walinishika nisimkimbilie. Walisema utaambukizwa. Wamenishika mpaka moto umemaliza."

Niliangalia ule mwiko chini nikafikiri kwamba katika uwanja mzima wenye watu wenye nguvu zao, aliyekuja ni yeye na magoti yake.

Tulimpeleka kituo cha afya. Daktari alimuuliza anatumia dawa gani, naye akazitaja bila kusita, jina na kiasi. Alisema zimemwishia. Nilisimama pembeni ya kitanda nikiwa nimeshika viatu vyake. Tangu darasa la pili la shule ya msingi alikuwa na kifafa. Dawa alikuwa akizichukua kliniki ya karibu na kwao, ndiyo maana ya zile safari za kila mwezi, kwa sababu huku mjini asingeweza kukaa benchi la wagonjwa bila kuonwa na mwanafunzi mwenzake aliye mazoezini. Hata kovu alilokuwa nalo mkononi, ambalo aliwahi kuniambia ni la uji wa moto, kumbe aliangukia jiko.

"Ungeniambia," nilimwambia tuliporudi.

"Ningekuambia, ungeendelea kula na mimi sahani moja?"

"Ningeendelea."

"Wengine waliacha."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akalala mpaka jioni.

Kuanzia siku ile mimi ndiye niliyekosa utulivu. Alirudi kwenye dawa zake, alikuwa na nafuu, alikuwa anacheka, lakini mimi nilikuwa kama mtu aliyewekewa kengele tumboni. Sufuria ikianguka chumba cha tatu, niko mlangoni. Akiingia bafuni nasimama nje na kujifanya napiga mswaki. Nilimwambia asifunge komeo. Nilimkataza kuwasha jiko, nikapika mimi, na mimi sijui kupika. Usiku nilisikiliza pumzi yake, nikasinzia, nikashtuka kwa kuwa siisikii, nikamgusa, akaamka. Wodini nilibadilishana zamu na wenzangu ili niwe naye ghorofa moja. Nilipomwona anapanda ngazi na trei ya dawa nilimfuata nyuma, mikono mbele, kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Yule kijana wa chumba cha mwisho alikuja siku moja nikiwa naanika.

"Dada, nilijua cha kufanya," alisema. "Wallahi nilijua. Miguu haikwenda."

"Najua ulijua."

"Siku nyingine itakwenda?"

Sikujua kama ananiuliza mimi au anajiuliza yeye. Nilimpa upande wa shuka tukalikamua pamoja.

Mama wa chumba cha jirani, yule aliyepiga kelele, alitaka mwenzangu awe na ndoo yake ya kuogea, isichanganywe na za wengine. Mama mwenye nyumba alimjibu kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia kwamba anayeogopa ndoo atafute nyumba nyingine. Maneno yakaishia hapo, ingawa watoto waliendelea kuitwa ndani kila tulipotoka.

Ugomvi wetu ulianza kwa kitu kidogo. Alikuwa anataka kwenda dukani mwenyewe kununua sabuni. Nikavaa ndala.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Nakusindikiza."

"Duka liko hapo."

"Najua. Nanyoosha miguu."

Alikaa kitandani. "Niambie ukweli. Wewe ni rafiki yangu au ni askari magereza?"

"Ukianguka barabarani je? Bodaboda zinapita pale kama—"

"Nimeanguka barabarani. Nimeanguka shuleni, nimeanguka kanisani, nimeanguka kwenye mfereji wa maji. Nilikuwa naanguka kabla sijakujua. Lakini zamani nilikuwa naanguka, nikishaamka nakuwa mtu. Kwako sijaamka bado mpaka leo."

Nilijibu vibaya. Nilisema kama siyo mimi angekuwa amevunjwa meno kwa mwiko. Ilikuwa kauli mbaya na niliijua kuwa mbaya ilipokuwa bado mdomoni. Akanyanyuka akaenda dukani. Kesho yake niliporudi kutoka zamu ya asubuhi, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na mkoba haupo. Simu haikupatikana.

Nilizunguka kile chumba kama kuku. Nilimuuliza mama mwenye nyumba, akasema amemwona akitoka na begi dogo, amemwamkia vizuri, hakusema anakokwenda. Nilikwenda Kimandolu kwa mama, nikakaa kidogo tu, nikanyanyuka. Mama aliniambia, "Kaa unywe chai, mtoto wa watu ni mtu mzima." Sikuweza kukaa. Siku ya pili nilipanda gari la Usa River, kisha bodaboda mpaka Kikwe.

Sikuwa nimewahi kufika kwao. Nilikuwa nauliza njiani kwa kutaja kimo chake na chuo anachosoma, na watu walinielekeza kati ya mashamba ya mahindi na maharage, nikafuata mfereji wa kumwagilia mpaka nilipomwona. Alikuwa shambani na mama yake wanavuna maharage, kanga kiunoni. Alikuwa mzima. Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, viatu vikiwa ndani ya maji.

Aliniona. Hakuja. Mama yake ndiye aliyekuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Moshono?"

"Ndiyo, mama."

Aliniangalia, mwanamke mwembamba mwenye macho ya binti yake. Alijipangusa mikono, akakaa karibu nami.

"Ameniambia. Na wewe unamwogopa?"

"Hapana, mama. Simwogopi. Namwogopea."

"Hiyo naijua," alisema. "Alipoanza kuanguka, mwalimu wa shule alimrudisha nyumbani. Alisema ataambukiza darasa. Nikampeleka tena, nikarudishwa, nikampeleka tena, mwisho wakakubali nikae naye. Basi nikawa nakaa nje ya dirisha la darasa na jembe langu, kutwa. Shamba limeota majani, baba yake ananuna. Watoto wanamcheka, wanamwambia mama yako anakulinda kama ng'ombe. Siku moja alitoka darasani, kadogo hivi, akaniambia mama nenda ukalime. Nililia njia nzima. Lakini nilikwenda."

"Na akaanguka?"

"Akaanguka, ndiyo. Si mara moja. Mtoto mmoja alimkalia miguu, mwingine akammwagia maji. Jioni amekuja nyumbani amevimba jicho, na daftari lake mkononi. Siku zile ndipo alipoanza kuongoza darasa."

Sikuweza kukaa kimya. "Mama, lakini hatari ni kweli. Moto ni kweli. Maji ni kweli."

"Nani amekuambia ni uongo? Mimi mpaka leo simu ikilia nashika ukuta. Lakini hofu hiyo ni mzigo wangu mimi. Nikimtwisha yeye, atabeba miwili."

Tuliporudi nyumbani tulikula loshoro. Baba yake, mzee wa kanisa, alisali kabla ya chakula, akamwombea binti yake na akaniombea na mimi, kisha akauliza kama kweli chuoni tunafundishwa kwamba si mapepo. Binti yake mwenyewe alimjibu, kwa utaratibu wake ule ule, kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kama ulivyo ugonjwa wa moyo au wa figo, na kwamba sala haikatazwi lakini kidonge kisikosekane. Mzee aliguna. Alisema, "Kidonge nilikununulia mimi, si nilikununulia?" Wote wakacheka, nami nikacheka mwishoni, nimechelewa.

Tulitoka nje wawili. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, mvua inasogea.

"Nimekosea kuzima simu," alisema. "Nilitaka siku moja ambayo hakuna anayenisikiliza ninavyopumua."

"Nimekosea kusema ya mwiko."

"Ile ilikuwa kweli lakini."

"Ilikuwa kweli, na nimekosea."

Tukapatana kwa maneno machache. Jiko atawasha, ila litainuliwa juu ya matofali mbali na mahali anaposimama. Bafuni hatafunga komeo, atatundika kanga mlangoni, nami sitasimama nje. Dawa atazichukua mjini, aonwe na atakayemwona. Usiku ataniacha nilale, na mimi nitamwacha alale. Hilo la mwisho lilinishinda kwa muda mrefu, lakini nilijifunza kusikiliza bila kumgusa.

Lililobaki lilikuwa chuo. Aliogopa kwamba wakijua watamwondoa. Alikwenda mwenyewe kwa yule mwalimu wa huduma ya kwanza, nami nikabaki kwenye korido, nikienda mpaka mwisho na kurudi, mpaka mfanyakazi wa usafi akaniomba nichague upande mmoja kwa kuwa sakafu bado mbichi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba wapo wauguzi wenye kifafa wanaofanya kazi vizuri, kwamba wataangalia zamu zake za usiku kwa sababu kukosa usingizi kunachochea, na kwamba ameona haya kwa kumnyooshea kidole siku ile bila kumfahamu. Halafu alimuuliza kama angependa kuzungumza na darasa.

"Umemjibu nini?"

"Nimemjibu hapana."

Nilishangaa. Mimi ningesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

"Mimi si somo," alisema. "Wafundishwe tu. Wafundishwe kwa mikono mpaka wazoee. Mimi niache niwe mwanafunzi."

Na kweli mwalimu alianza kutufanyisha zoezi lile kila wiki, kila mtu, mpaka likachosha. Yule kijana wa chumba cha mwisho alirudia zaidi ya wote. Mwenzangu alifanya zamu yake ya kuwa msaidizi kama wengine. Wapo waliojua habari zake na wapo ambao hawakujua mpaka tunamaliza. Katika muda ule alianguka mara nyingine wodini, mimi nikiwa jengo jingine. Niliambiwa mambo yakiwa yameshapita. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wamemlaza ubavu na kumzungushia pazia. Nilipofika mbio, nimepotewa na kiatu, alikuwa amekaa anakunywa maji, akanitazama mguuni akasema, "Kingine kiko wapi?"

Tulimaliza. Mimi nikapata kazi ya kujitolea Kimandolu, karibu na nyumbani. Yeye akaitwa kwenye zahanati upande wa pili wa mji, akaamua kupanga chumba peke yake. Nilipinga. Nilipinga kwa hoja na kwa kununa, na nilipoona havisaidii nikamsaidia kuhama, nikabeba godoro upande wangu.

Nyumba aliyopata ilikuwa mpya, ina harufu ya rangi, na majirani hatukuwajua. Tulipomaliza kuingiza vitu aliniambia nisubiri. Akanawa uso, akajifunga kanga safi, akaenda kugonga mlango wa kwanza. Nilimfuata, nikasimama nyuma yake na ndoo tupu mkononi, kwa kuwa sikujua niweke wapi mikono.

Alifungua mwanaume aliyekuwa amevaa sare ya ulinzi.

"Hodi, kaka. Mimi ni jirani yako mpya, hapo pembeni. Mimi ni muuguzi. Nina kifafa. Natumia dawa, kwa hiyo si mara nyingi, lakini naweza kuanguka. Nikianguka, ondoa kitu cha kuniumiza, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, kaa karibu mpaka niamke. Haiambukizi. Ikizidi dakika tano nipelekeni hospitali."

Yule mwanaume alirudi nyuma hatua moja. Akasema, "Haya, dada. Karibu," akafunga mlango. Tulisikia komeo.

Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia basi, turudi Moshono, mama mwenye nyumba hajapangisha bado. Alivuta pumzi, akarekebisha kanga, akaenda mlango wa pili. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Na maji nakupa saa ngapi?"

"Mpaka nikae mwenyewe na kukuitikia vizuri."

"Na nikiwa niko peke yangu, mwili wangu huu mdogo, nakugeuzaje?"

Mwenzangu alinigeukia. "Lala chini," aliniambia.

Nikaweka ndoo, nikalala kwenye veranda, na yule mama akamshusha mtoto, akapiga magoti. Alinishika bega na nyonga kama alivyoelekezwa, akanivuta kuelekea kwake, mara ya kwanza akanidondosha, mara ya pili nikageuka. Mtoto alicheka. Yule mama akaomba ajaribu tena.